Uteuzi wa Mashine ya Kufulia Idumuyo na Itengenezekayo kwa Urahisi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vifaa vya umeme, hekima hii haimtoshi mnunuzi, kwa kuwa kila mashine ya kufulia hung'aa ikiwa dukani. Wema au ubaya wake hubainika miaka kadhaa baadaye, fundi anapoitwa kuifungua. Makala haya yanaeleza vigezo vya kuteua mashine ya nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba uimara wa mashine hauwezi kutenganishwa na wepesi wa kuitengeneza. Kila kizungukacho huchakaa. La muhimu ni iwapo kilichochakaa kinaweza kutolewa na kingine kutiwa mahali pake.

Kwa jumla, mashine hizi ni za aina tatu. Aina ya kwanza ina matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Kila tangi lina mota yake, na muda wa kazi huwekwa kwa kuzungusha saa ya kawaida kwa mkono. Maji yaweza kumiminwa kwa ndoo, hivyo mashine hii huwafaa wakaazi wa mitaa ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Nairobi. Sehemu zake ni chache: mkanda, kapasita, saa, na breki ya tangi la kukamulia. Fundi wa kawaida huzimudu. Upungufu wake ni kuwa mtumiaji hulazimika kuhamisha nguo mwenyewe kutoka tangi hadi tangi.

Aina ya pili hupakiwa nguo kutoka juu na hujiendesha yenyewe. Aina ya tatu hupakiwa kupitia mlango wa mbele. Hii ya tatu hutumia maji machache kuliko ile ya juu na haizisumbui nguo sana. Hata hivyo, zote mbili huhitaji maji yenye msukumo wa kutosha, na kazi zake huongozwa na bodi ya elektroniki.

Katika mashine ya mlango wa mbele, jambo la kwanza la kuchunguzwa ni tangi la nje. Ngoma inayobeba nguo hushikiliwa na mhimili upande wa nyuma, na mhimili huo huzunguka ndani ya beringi. Kizuizi cha maji kikilegea, maji hupenya, beringi huingia kutu, na mashine huanza kunguruma wakati wa kukamua. Iwapo tangi limeunganishwa kwa skrubu, fundi hulifungua na kubadilisha beringi. Iwapo nusu zake mbili zimeyeyushwa na kugandishwa pamoja kiwandani, hakuna njia ya kufikia beringi ila kulikata tangi au kulinunua zima. Hivyo kipuri kidogo huweza kuipeleka mashine nzima jaani.

Jambo la pili ni mota. Mota yenye brashi za kaboni huhitaji kubadilishiwa brashi hizo zinapolika, kazi isiyokuwa ngumu. Mota isiyo na brashi hunguruma kidogo na haina kaboni za kulika, lakini huitegemea bodi ya elektroniki, ambayo huweza kuunguzwa na umeme unaopanda na kushuka ghafla. Anayeichagua hana budi kuiwekea kifaa cha kuikinga.

Jambo la tatu ni vipuri. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwezi wa Machi 2021 zinawataka watengenezaji wahakikishe kuwa vipuri muhimu vya mashine za kufulia vinapatikana kwa muda usiopungua miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Mnunuzi wa Kenya anaweza kuigeuza kanuni hiyo kuwa maswali ya dukani: Je, pampu, mpira wa mlango na bodi vinauzwa humu nchini? Kwa bei gani? Nani huvifunga? Muuzaji asiyekuwa na majibu ameshajibu.

Aidha, utunzaji hurefusha maisha ya mashine. Bolti za kusafirishia zilizo nyuma ya mashine ya mlango wa mbele zitolewe kabla ya kuiwasha. Mashine isimame sawasawa, isijazwe kupita kiasi, na kichujio cha pampu kisafishwe mara kwa mara. Sabuni ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi lisilofaa mashine ya mlango wa mbele. Maji ya visima vya pwani, yanayopitia mawe ya matumbawe, huwa na chokaa inayoganda kwenye koili ya kupashia joto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatimaye, ifahamike kwamba suala hili lina upande wa lugha. Vijitabu vya maelezo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye mashine asiyeweza kutaja mhimili, mkanda au kichujio hana la kumwambia fundi ila kwamba mashine imekufa. Ajuaye majina ya sehemu hueleza ugonjwa, huhoji gharama, na hakubali kuuziwa kipya mahali ambapo kuukuu kingetengenezeka.