Uweke mtaji wote au utupe karata? Hesabu ya poka kwa sisi tunaouza mtandaoni

Dada mmoja kaniandikia inboksi. Ana 800,000. Zake ni 500,000, na 300,000 kakopa kwenye kikoba, anatakiwa arudishe 330,000 mwisho wa Januari. Anataka aziweke zote kwenye mabegi ya shule 100. Begi moja linamfikia kwa 8,000, atauza 14,000. Swali lake: "Kaka, niweke zote?"

Najibu hapa kwa sababu wengi mnaniuliza hilo hilo, na mimi nililielewa vizuri kupitia poka. Sisemi mtu akacheze kamari jamani. Mimi naicheza kwenye simu kwa chipsi za bure, zile za kuchezea, si chipsi mayai.

Poka inayochezwa zaidi inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri, wanaweka dau. Kisha zinafunuliwa karata 3 za wote mezani, hizo ndizo flopu. Halafu inakuja moja, halafu nyingine. Mtu akiweka zote kabla ya flopu, ameamua kila kitu kwa karata 2 tu. Zile 5 za mezani atazitazama kama mtu anayeangalia mpira kwenye kibanda. Hawezi kuongeza, hawezi kujitoa.

Sasa karata bora kabisa ya kuanzia ni A mbili. Unaipata kwa wastani mara 1 katika mara 221. Ukiwa nayo dhidi ya mtu mmoja mwenye karata yoyote ile, unashinda kama mara 85 kwa 100. Tamu. Lakini wakiingia watu watano dhidi yako, hiyo hiyo A mbili haifiki hata nusu. Karata haijabadilika, waliobadilika ni idadi ya watu mezani. Kwa hiyo dada, kabla ya kunisifia begi lako, hesabu kurasa ngapi wiki hii zimeposti begi la picha ile ile.

Jambo la pili ni kuangalia unaweka nini ili upate nini. Mabegi yakiisha yote, faida ni 600,000. Shule zikifunguliwa bado yamelala, atayatupa kwa 5,000, hapo hasara ni 300,000. Anahatarisha 300,000 apate 600,000, maana yake akipatia mara 1 kati ya 3 anakuwa hajala hasara wala faida. Kwa hesabu hiyo peke yake, mcheza poka angesema weka.

Ila hiyo ni hesabu ya mtu atakayecheza mikono mia. Hata A mbili dhidi ya K mbili, ambayo inashinda kama mara 82 kwa 100, ukiweka zote mara 4 mfululizo, uwezekano wa kuwa bado umekaa mezani ni kama 45 kwa 100. Na hapo ulikuwa na karata bora kila mara! Dada yetu akikosea, anabaki na 500,000, kikoba kinachukua 330,000, mkononi 170,000. Na muda wote huo zile chupa za maji anazouza kila siku hazina mzigo, kwa sababu hela yote iko kwenye mabegi. Wateja wa chupa hawamsubiri.

Kuna kitu kingine ambacho watu wakitazama poka hawakioni. Nusu ya nguvu ya kuweka zote ni kutisha. Unasukuma chipsi zote, wenzako wanaogopa wanatupa karata, unachukua hela bila hata kuonyesha ulichonacho. Ndiyo maana mtu anaweza kusukuma na karata ya kawaida tu. Lakini anayeitikia dau la mwenzake hatishi mtu, kwa hiyo anahitaji karata nzuri zaidi. Sisi wauzaji ni huyu wa pili siku zote. Hakuna mtu Kariakoo atakayefunga duka kwa sababu wewe umeweka mtaji wote. Mteja hajui na wala hajali.

Sikatai, kuna wakati kuweka zote ni sahihi. Mezani kuna dau la lazima linalozunguka, linakula chipsi zako hata usipocheza. Mtu akibakiwa na chipsi za kutosha dau kubwa kama 10 hivi, kusubiri karata nzuri ni kuisha polepole, bora asukume akiwa bado ana kitu. Kwetu huyo ni mwenye 60,000 na kodi ya fremu inakuja. Dada hayuko hapo. Ana 800,000 na biashara inayotembea, hakuna kinachomkimbiza.

Uzuri wa biashara ni kwamba sisi tunaweza kuiona flopu kwa bei ndogo. Achukue mabegi 50, ni 400,000. Zinazobaki, 330,000 aziweke pembeni za kikoba, 70,000 ziende kwenye chupa. Yakiisha yote anakuwa na 770,000 deni likiwa limelipwa. Yakilala akayatupa, anabaki na 320,000, karibu mara mbili ya ile 170,000. Ndiyo, akiweka zote na zikatiki angekuwa na 1,070,000. Hiyo tofauti ya 300,000 ndiyo bei ya kulala usingizi, na mimi naona si ghali.

Kabla hata ya hizo 50, aombe sampuli moja, apige picha zake mwenyewe, aweke statasi siku tatu na aombe advansi ya 5,000. "Nitachukua" usiihesabu, hesabu muamala ulioingia. Mabegi 30 yenye advansi, yakimaliziwa malipo, ni 420,000, yaani mzigo wa 50 umejilipa. Na amuulize wa jumla kama akirudi baada ya wiki bei bado ni 8,000. Wakifika 30, aniandikie tena tuongelee zile 50 nyingine.