Datsun ya Gia Nne Inapotafutiwa ya Tano

Wenye Datsun 240Z wanaofika gereji kwangu hapa Houston huja na swali moja: "Fundi, gia tano zitaingia?" Zitaingia. Ila kabla sijagusa spana nami nina langu la kuuliza: difu yako ni ya namba ngapi? Hapo wengi hunyamaza.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, na kwetu Datsun si gari la kutambulishwa. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mara hiyo ya pili Mehta alimaliza sare na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine, ikabidi waamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Wazee wa mtaani walikuwa wakibishania sare ile mpaka kahawa inapoa. Basi nilipoanza kazi Marekani nilistaajabu kuona gari lile lile, silinda sita, lita 2.4, limeuzwa huku na gia nne tu, ilhali Ulaya na Japani lilipatikana la gia tano.

Kwa barabara za enzi zile gia nne zilitosha. Kuanzia 1974 kikomo cha mwendo kilikuwa maili 55 kwa saa nchi nzima. Leo hapa Texas ukienda kilomita 110 kwa saa, malori yanakupita. Kwa mwendo huo, ukiwa gia ya nne, injini ya 240Z inazunguka zaidi ya mara 3,100 kwa dakika. Haiharibiki kwa hilo, lakini inalia, inakunywa petroli, na baada ya saa mbili dereva na abiria wake wameacha kuzungumza.

Gia ya nne ni ya moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Gia ya tano huiwezesha propela kuipita injini. Giaboksi wanazozitafuta watu hutoka kwenye Datsun 280ZX, mdogo wake 240Z, na ziko za aina mbili. Ile ya hadi 1980 ina gia ya tano ya 0.864, yaani mizunguko ya injini kwa kila mmoja wa propela. Ya 1981 hadi 1983 ni 0.745, yaani injini inapumzika kwa robo nzima. Kila mtu anaitaka hiyo ya pili.

Nami humwandikia mteja hesabu juu ya boksi la spea. Difu ya 240Z ya Marekani ni 3.364, yaani propela huzunguka mara hizo gurudumu likizunguka mara moja, na gia ya kwanza ya zamani ni 3.592. Zidisha: 12.08. Hiyo ndiyo nguvu inayolisukuma gari pale taa inapogeuka kijani. Giaboksi ya 1981 ina gia ya kwanza ya 3.062. Ukiiacha difu ile ile, unapata 10.30. Ni sawa na kuanza kupanda kilima kwa baiskeli iliyowekwa gia ya tambarare. Mteja ataichezea klachi kila anapoondoka, na klachi itaungua, kisha lawama zinaletwa kwa fundi.

Sasa weka difu ya 3.9, ile ambayo baadhi ya 280ZX zenyewe zilitoka nayo kiwandani. Gia ya kwanza inarudi 11.94, karibu kabisa na ya zamani. Na gia ya tano? 3.9 mara 0.745 ni 2.906. Ile giaboksi ya kabla ya 1981, isiyotakiwa na mtu, ukiifunga na difu ya zamani bila kubadili chochote nyuma, 3.364 mara 0.864 inakupa 2.906 ile ile. Kwenye barabara kuu magari hayo mawili yananguruma sauti moja, karibu mizunguko 2,700 kwa kilomita 110. Kwa mtu anayetaka tu safari ya utulivu, mimi humshauri achukue ya zamani, na pesa za difu anunulie matairi. Wachache hunisikiliza. Namba 0.745 ina utamu wake.

Kazi yenyewe ya kushusha na kupandisha si ngumu kwa gari la 1972 au 1973. Boliti za injini zinakubali, na propela ya zamani inarudi. Magari ya mwanzo kabisa hutaka tundu la mti wa gia lipanuliwe kidogo kwa msumeno. Mti wenyewe wa ZX umepindwa kwa ajili ya kiti kingine, kwa hiyo tafuta wa 280Z, Datsun iliyokuja kati ya hizo mbili.

Penye mtego ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani: kola inayobeba beringi ya klachi. Kola hufuata presha pleti, haifuati giaboksi. Giaboksi ikija na kola yake, na wewe ukabakiza presha pleti ya 240Z, huenda urefu ukakataa. Kola fupi, unakanyaga pedali hadi sakafuni na gia zinasaga. Kola ndefu, klachi haishiki sawasawa. Vyovyote iwavyo giaboksi inashuka tena. Mimi huzipanga kola zote mezani, nikazipima kwa kalipa kabla ya kuinua chochote.

Aliyebadili difu asisahau kigia cha plastiki kinachozungusha waya wa mita ya mwendo, mkiani mwa giaboksi. Meno yake lazima yalingane na difu. Ukibakiza cha zamani na difu ya 3.9, mita itasema 116 wakati gari liko 100.

Oili ya giaboksi iwe ya daraja la GL-4. Duka likikuambia GL-5 ni bora zaidi, hiyo ni kwa difu. Ndani ya giaboksi kuna pete za sinkro za shaba ya njano zinazohitaji msuguano ili gia iingie, na GL-5 huteleza kupita kiasi, mbali na dawa zake ambazo baadhi huila shaba.

Na giaboksi ya gia nne usiiuze kwa uzani wa chuma chakavu. Ipanguse, izibe matundu, iweke juu ya rafu. Mnunuzi wa 240Z siku hizi huuliza ile ya asili iko wapi kabla hata hajafungua boneti.