Simu Mlangoni mwa Ukumbi



Mwaka juzi wanafunzi wa madrasa yetu walitunga mchezo wa kuigiza juu ya ami aliyekula mali ya mayatima. Walifanya mazoezi miezi miwili, kila siku baada ya Alasiri, na kiingilio kilikusudiwa kununulia mabati ya paa. Siku mbili kabla, kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akaurekodi mchezo wote kwa simu tangu mwanzo hata mwisho, akautia katika vikundi vya WhatsApp vya mtaa ili kuutangaza. Siku ya mchezo tulipanga viti 120. Vilivyokaliwa havikufika 40. Kila tuliyekutana naye njiani alitupongeza: "Tumeuona, mashaallah, watoto wameigiza vyema." Mabati hayakupatikana.

Baadhi yetu walitaka simu zipigwe marufuku. Lakini majumbani mwetu wamo vijana wengi wenye vikundi vya kaswida, vya mashairi na vya michezo, nao aghalabu hawana fedha za kujitangaza kwa njia nyingine. Basi tukaanza kuuliza jinsi wanavyoitumia mitandao hii watu ambao jukwaa ndiyo kazi yao.

Mwaka 2009, katika mji wa New York, ulifunguliwa mchezo wa nyimbo uitwao Next to Normal, wa Brian Yorkey na Tom Kitt. Si mchezo wa mzaha. Wahusu mama mwenye maradhi ya akili na jinsi nyumba yake inavyoyumba. Si rahisi kumvuta mtu aliyechoka na kazi aje kulipa kutazama huzuni. Mwezi Mei na Juni mwaka huo wenye mchezo wakatumia Twitter, ambao ulikuwa bado mgeni kwa watu wengi. Hawakuurusha mchezo wenyewe. Walimpa kila mhusika maneno machache, kana kwamba baba, mama na binti wanaandika yanayowapitikia moyoni hadithi ikiendelea. Leo mstari, kesho mstari. Mamia ya maelfu ya watu wakawa wanawafuata. Mwaka 2010 mchezo ukapata tuzo ya Pulitzer, nao ukadumu jukwaani pale hata Januari 2011. Hatusemi kwamba ni Twitter iliyoufikisha huko, kwani mchezo mbovu hautengenezwi na tangazo. Lakini aliyeisoma mistari ile alizidi kuwa na hamu, hakushiba. Kijana wetu yeye alipeleka sinia zima la pilau nyumba kwa nyumba, kisha sisi tukakaa ukumbini tukiwangoja watu waje kula.

Pengine mtu atauliza: mbona National Theatre ya London ilionyesha michezo mizima bure katika YouTube? Ni kweli. Ilianza tarehe 2 Aprili 2020 na mchezo One Man, Two Guvnors, kisha kila Alkhamisi ukaja mwingine, ukikaa wiki moja tu. Lakini siku zile milango ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Korona, hapakuwa na kiti cha kuuzwa, na watazamaji waliombwa wachange. Disemba ya mwaka ule ule ikaanza kutoza ada.

Kisha liko suala la adabu. Agosti 2015 Benedict Cumberbatch alikuwa akiigiza Hamlet, mchezo wa Shakespeare, katika ukumbi wa Barbican, London. Watazamaji wakawa wanamrekodi, naye akiwa jukwaani anaviona vitaa vyekundu gizani vikimkatiza. Baada ya mchezo akatoka nje, akawaambia mashabiki waliomngoja mlangoni kwamba jambo hilo lamwudhi sana, kisha akawaomba walitangaze ombi lake mitandaoni, kwani yeye mwenyewe haitumii. Nao wakalirekodi na kulieneza, kwa simu zile zile!

Kwetu sisi adabu hiyo ina uzito zaidi, maana waigizaji ni watoto. Katika ile video alikuwamo binti aliyesahau maneno yake, akababaika, akalia. Watu wasiojulikana wakakikata kipande hicho, wakaandika maneno ya dhihaka chini yake, wakakizungusha mpaka kikafika skuli anakosoma. Hakupanda jukwaani tena. Hasara ya mabati ilikuwa ndogo.

Mwaka huu tumetaka kwanza idhini ya wazazi. Vijana wametengeneza vipande viwili, vya dakika moja moja. Kimoja chaonyesha watoto wakishona joho la kadhi, wakigombania sindano. Cha pili chakoma pale kadhi anapomwuliza yule ami, "Ziko wapi fedha za mayatima?" Jibu halimo, anayelitaka atalisikia ukumbini, ambako simu zitapokelewa mlangoni na kutiwa kikapuni kwa namba. Hata sasa zimekwisha chukuliwa tiketi 70, na mchezo ungali na siku tisa.

Yule binti tumemwomba arudi. Hajasema ndiyo, ila Jumanne iliyopita alikuja na mamake, akakaa nyuma kabisa, akatazama mazoezi mpaka yakamalizika.