Gari inatoka garaji kisha aksida: rangi inang'aa, lakini magurudumu yanasema nini?

Mu Bukavu, gari ikipata aksida, kazi ya kwanza ambayo watu wanaona ni ya tolie. Bati inanyooshwa, mastiki inapakwa, rangi inarudi, taa mpya inawekwa. Siku ya kuichukua, mwenye gari anaizunguka mara mbili, anaridhika, analipa. Siku tatu kisha, shofere anarudi kusema gari inavuta upande. Ao vola inatetemeka. Ao kuna kitu kinagonga chini ku kila shimo. Hapo njo mabishano yanaanza: fundi anasema ilikuwa vile mbele ya aksida, mwenye gari anasema shofere ameigonga tena, na shofere, ambaye anadaiwa versema yake kila jioni, anaendelea kubeba watu.

Anaendelea kubeba watu mu mji wa vilima, wengine ku barabara ya Uvira yenye kushuka Ngomo, kona kisha kona, korongo upande mmoja. Kwa hiyo swali la nani analipa linaweza kungoja kidogo. Swali la kwanza ni kujua chuma gani chini ya gari kimepinda.

Pigo linapita wapi

Gurudumu likigonga bordire ao likianguka mu mtaro, pigo halibaki ku mupira. Linapita ku janti, linaingia ku rulema inayozungusha gurudumu, linafika ku triangili, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Linapanda ku amortiseri. Linasukuma bari ya direksio, ile inayotii vola. Kama pigo lilikuwa kali, linafika ku fremu ya chini inayobeba triangili zote mbili, mafundi wanaiita berso, na mwisho ku shasi yenyewe. Kila kipande kinaweza kupinda milimita chache na jicho lisione kitu.

Magari mengi yanayozunguka hapa, Corolla, Carina, Ipsum, RAV4, yako na mbele mtindo wa MacPherson, kwa jina la injinia Mmarekani Earle MacPherson. Ku mtindo huu, amortiseri haipunguzi mitikisiko tu, ni nguzo inayosimamisha gurudumu. Nguzo ikipinda, gurudumu linaegemea. Na kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui: ku magari haya paralelisme inarekebisha zaidi kitu kimoja, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele, kama vile miguu ya mutu inaweza kutazama ndani ao inje. Kuegemea kwa gurudumu hakuna pa kukurekebishia, ao kuna nafasi ndogo tu ku bulo mbili zinazounga amortiseri na mguu wa gurudumu. Kwa hiyo gurudumu likiegemea kisha aksida, fundi asitafute pa kukaza. Atafute kipande kilichopinda. Hiace ni tofauti, iko na mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na kuegemea kunarekebishika. Hata hivyo, kurekebisha juu ya chuma kilichopinda ni kuficha tu.

Ndiyo maana paralelisme inapashwa kuja mwisho. Fundi anayeanza nayo anazungusha bari ya direksio mpaka gari inyooke, na kweli inanyooka, ku barabara tambarare. Lakini mupira mpya unaliwa upande wa ndani mbele ya wakati, na siku ya mvua gari inashika kona ya kushoto vizuri na ya kuume vibaya. Mwenye gari amelipa paralelisme, atalipa mupira, kisha atalipa triangili ambayo angelipa tangu mwanzo.

Ku barabara

Kabla ya kujaribu gari, hewa ya mipira minne ipimwe asubuhi ikiwa baridi, na bulo za magurudumu zikazwe. Inaonekana kama jambo la watoto, lakini mupira mmoja uliopungukiwa hewa unatosha kuvuta gari, na watu wamefungua direksio mzima juu ya hewa.

Kisha kutafuta mahali tambarare, mwendo mdogo, bila watu mbele. Mu Bukavu kupata mita mia mbili za barabara iliyo sawa bila shimo ni kazi nyingine, lakini bila hiyo jaribio halina maana. Barabara nyingi zinajengwa na mugongo katikati ili maji yashuke pembeni. Kwa kuwa Congo watu wanapita kuume, gari kujisogeza polepole kuume ni kawaida. Kama ni gari ya Japani yenye vola kuume, uzito wa shofere akiwa peke yake unaongeza kidogo. Ya kutilia mashaka ni ile inayovuta kushoto, inayopanda mugongo wa barabara, ao inayoruka kuume mara tu mikono inapolegea.

Gari ikivuta, mipira miwili ya mbele ibadilishwe pande, wa kushoto uende kuume, isipokuwa kama ina mshale ubavuni unaoonyesha namna ya kuzunguka. Mvuto ukihama upande, kosa ni la mupira. Ukibaki pale pale, kosa liko ku chuma ao ku freni. Freni inajulikana haraka: kisha mwendo wa kilometa chache bila kukanyaga sana, mkono usogezwe karibu na kila janti. Moja ikiwa moto kuliko zingine, freni yake imekwama. Na kama gari inavuta pale tu shofere anakanyaga freni, kuna freni isiyoshika sawa upande mmoja, ao kauchu ya triangili, ile silembloki, imepasuka na gurudumu linarudi nyuma kila mara freni inashika.

Vola inayolala upande wakati gari inaenda sawa inaonyesha kwamba bari moja ya direksio ni fupi ao imepinda, ao magurudumu ya nyuma hayafuate ya mbele. Kuna fundi atakayetoa vola na kuisogeza jino moja ili isimame. Mwenye gari akubali? Hapana. Vola itasimama, chuma kitabaki kimepinda, na ku gari yenye erbagi, utepe wa nyaya ulio nyuma ya vola unaweza kukatika.

Sauti nazo zina lugha yao. Mngurumo unaopanda na mwendo, na unaobadilika gari ikikata kona, ni rulema. Ukizidi wakati wa kukata kushoto, mara nyingi ni rulema ya kuume, kwa kuwa uzito wa gari umeegemea huko. Tak-tak-tak ya haraka wakati vola imezungushwa mpaka mwisho ni kardani. Kugonga ku mashimo madogo kunaweza kutoka ku rotili, ku fimbo ndogo ya stabilizateri, ku kiti cha juu cha amortiseri, ao ku bulo iliyosahauliwa bila kukazwa, jambo ambalo linatokea kuliko watu wanavyofikiri. Vola kutetemeka ku mwendo fulani, kisha kutulia ukizidisha, ni janti iliyopinda ao gurudumu lisilosawazishwa. Kutetemeka wakati wa freni peke yake ni diski.

Kamba, chaki na mita

Mashine ya kupima jometri kwa mwanga haiko mu kila garaji, na bei yake si ya kila mutu. Lakini vipimo vikubwa vinaweza kuchukuliwa na kamba, mita ya waashi na chaki, ku sakafu ya simenti iliyo sawa. Gari isukumwe mbele na nyuma mita mbili tatu kwanza, ili ikae vizuri juu ya resori zake, maana ikitoka tu juu ya kriki magurudumu yanakuwa yamebanwa vibaya.

Kipimo cha kwanza: vola ikiwa sawa, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kisha upande wa kuume. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kutoka ku mkono wa anayepima. Sentimita nzima ni habari nyingine: gurudumu moja limerudishwa nyuma, na hapo triangili, berso ao shasi kimoja kimesogea.

Kipimo cha pili ni kuegemea. Kamba ifungwe bulo nzito kwa chini, kama ile waashi wanatumia ku ukuta, na ishikwe mbele ya gurudumu. Fundi anapima toka kamba mpaka ukingo wa juu wa janti, kisha mpaka ukingo wa chini. Anafanya vile vile upande wa pili. Nambari yenyewe si muhimu sana kama pande mbili zinafanana. Kama hazifanane, gari igeuzwe, kichwa kiangalie kule mkia ulikuwa, ipimwe tena pale pale. Tofauti ikihama, sakafu ndiyo imelala. Ikibaki ku gurudumu lile lile, fundi apige kipimo cha tatu: nafasi kati ya mupira na nguzo ya amortiseri, kushoto na kuume. Nafasi zisipofanana, nguzo ao mguu wa gurudumu umepinda. Zikifanana na gurudumu bado linaegemea, tatizo liko ku triangili ao juu zaidi, ku berso na shasi.

Shasi inapimwa na kamba ile ile. Inashushwa toka tundu ao bulo za chini ambazo ziko sawa pande zote mbili, na kila mahali inapogusa simenti panawekwa alama ya chaki. Gari inasukumwa kando. Kunabaki picha ya shasi chini, na mita inakata msalaba: mbele kushoto mpaka nyuma kuume, mbele kuume mpaka nyuma kushoto. Misalaba miwili isipolingana, shasi imekwenda upande. Kazi hii ifanywe mbele ya rangi, si kisha. Kuvuta shasi kisha rangi ni kupasua mastiki na kulipa tolie mara ya pili. Ni hapo pesa nyingi zinapotea, na ni rahisi kuepuka: mwenye gari aombe vipimo siku gari inaingia.

Gari ikiwa juu ya kriki, na imekingwa na kitu kigumu chini kisichokuwa kriki peke yake, gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mutu mwingine akanyage freni. Kucheza kukikoma, ni rulema. Kukiendelea, ni rotili ya triangili. Likishikwa kushoto na kuume na kucheza, ni rotili ya direksio. Kisha lizungushwe polepole, waya umefungwa karibu na janti bila kuigusa. Nafasi ikifunga na kufunguka, janti imepinda. Janti nyingine ijaribiwe pale pale, na kama nayo inacheza, moyo wa gurudumu ndio umepinda.

Chuma kisichopitishwa mu moto

Mu garaji nyingi triangili iliyopinda inapashwa moto, inapigwa nyundo, inarudi karibu na umbo lake. Bei ni ndogo na gari inatoka siku ile ile. Lakini moto unabadilisha chuma: kinaweza kulegea ao kuwa kikavu, na siku kinakatika hakitoi onyo. Triangili, bari ya direksio, mguu wa gurudumu na nguzo ya amortiseri vinabadilishwa, havinyooshwi wala kusudwa. Piyesi ya okazio inakubalika, lakini nayo ilitoka ku gari fulani iliyokufa, labda mu aksida. Ilazwe pembeni ya ile ya zamani ya upande mzima, ao juu ya simenti sawa, ilinganishwe mbele ya kulipa.

Kuna kosa lingine dogo. Bulo za silembloki zikikazwa gari ikiwa juu ya kriki na magurudumu yananing'inia, kauchu inabaki imejikunja kila wakati gari iko chini, na inapasuka mapema. Zikazwe mwisho, uzito wa gari ukiwa ku magurudumu.

Kuhusu mabishano, karatasi moja inasaidia kuliko sauti kubwa. Siku gari inaingia, vipimo viandikwe, vipande vya kubadilisha vitajwe kimoja kimoja, na vipande vya zamani virudishwe kwa mwenye gari. Vipimo vile vile vichukuliwe siku ya kutoka, shofere akiwepo, kwa sababu yeye ndiye anajua namna gari ilikuwa inajibu mbele ya aksida. Kama taa ya ABS inawaka, isemwe pia: mara nyingi ni waya wa kapteri ya gurudumu uliokatika, na bila kapteri hiyo ABS haifanyi kazi.

Kisha kilometa 50 mpaka 100, bulo za magurudumu zikazwe tena. Na kisha wiki mbili, kiganja kipitishwe juu ya kila mupira wa mbele, toka inje kwenda ndani, kisha kurudi. Ukiwa laini kwenda na mkali kurudi, kama manyoya ya kuku yaliyopapaswa kinyume, mwelekeo wa magurudumu bado haujakaa. Ukiliwa upande wa ndani peke yake, vipimo vya kuegemea vichukuliwe upya.