Viendelezi vya kivinjari: Nafuu kwa mtumiaji wa intaneti, ila si kila kimoja cha kuaminiwa

MKAZI wa Silanga, kijiji kilicho karibu na Bwawa la Nairobi katika mtaa wa Kibera, akihitaji cheti cha maadili mema, PIN ya ushuru au mkopo wa chuo kikuu, hatua yake ya kwanza siku hizi ni kufungua tovuti.

Mnamo Juni 30, 2023, serikali ilizindua mpango wa Gava Mkononi, ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimehamishiwa katika jukwaa la eCitizen. Maombi ya mikopo ya HELB, uteuzi wa kozi kupitia KUCCPS na uwasilishaji wa taarifa za ushuru kwa KRA vilevile hufanyika mtandaoni.

Hapo ndipo gharama huanza. Asiye na kompyuta hununua kifurushi cha data atumie simu yake, au huenda katika kituo cha intaneti, maarufu kama saiba, ambako hulipa kulingana na muda. Kwa wa kwanza, kila megabaiti ina bei. Kwa wa pili, kila dakika ina bei.

Zipo zana ndogo zinazoweza kupunguza gharama hiyo, nazo huitwa viendelezi vya kivinjari, au ekstensheni kama wengi walivyozoea kuziita. Nyingi hutolewa bila malipo. Hata hivyo, zana hizo hizo zikichaguliwa ovyo zinaweza kumkabidhi mtu asiyejulikana nywila, nambari ya kitambulisho na barua za mtumiaji. Ndiyo sababu inafaa kuelewa jinsi zinavyofanya kazi kabla ya kuzipokea.

Kiendelezi ni nini?

Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox, Edge, Opera au Safari. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari hicho ili kukiongezea kazi ambayo hakikuumbwa nayo.

Mfumo huo ulipata umaarufu baada ya shirika la Mozilla kutoa toleo la kwanza kamili la Firefox mnamo Novemba 2004. Badala ya kujaza kivinjari kila kitu, waundaji wake waliacha nafasi ili yeyote mwenye ujuzi wa kuunda programu aongeze anachokitaka, na mtumiaji achague kinachomfaa. Chrome, iliyotolewa na Google mwaka 2008, ilianza rasmi kupokea viendelezi mwaka 2010.

Ili kuelewa faida yake, ni vyema kujua kinachotendeka tovuti inapofunguliwa. Ukurasa mmoja si kitu kimoja. Kivinjari hupakua maandishi kutoka kwa seva moja, picha kutoka kwa nyingine, kisha matangazo, video zinazojicheza zenyewe na vifuatiliaji, yaani vijiprogramu vinavyoandika ni kurasa zipi mtu amesoma ili makampuni yajue tangazo la kumwonyesha. Vyote hivyo hulipiwa na kifurushi cha msomaji, awe ameviomba au hakuviomba.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayefungua kurasa 40, kila mmoja ukiwa na uzito wa megabaiti 2.5. Atakuwa ametumia megabaiti 100. Iwapo katika kila ukurasa megabaiti moja ni ya matangazo na vifuatiliaji, megabaiti 40 alizonunua zimekwenda kwa vitu asivyovisoma.

Vinavyookoa data na muda

Kiendelezi kinachotumiwa sana kuzuia mzigo huo ni uBlock Origin, kilichotolewa mwaka 2014 na Raymond Hill, mtaalamu wa programu anayeishi Canada. Kazi yake ni kukagua kila kitu ambacho ukurasa unataka kupakua na kukilinganisha na orodha ya seva zinazojulikana kwa matangazo na ufuatiliaji. Kilichomo katika orodha hakipakuliwi kabisa. Kwa hivyo data huokolewa, na ukurasa hufunguka upesi zaidi.

Zaidi ya hayo, kina kipengele ambacho wengi hawakijui. Katika mipangilio yake, mtumiaji anaweza kuamuru kwamba picha, video au sauti yoyote inayozidi kilobaiti 50 isipakuliwe. Akiihitaji picha fulani, huibonyeza iletwe. Kwa mtu anayesoma habari au maelezo ya kozi, kipengele hiki pekee chaweza kurefusha maisha ya kifurushi.

Ni haki kutaja upande wa pili. Tovuti nyingi zinazosomwa bure, yakiwemo magazeti, hutegemea matangazo. Anayetaka kuziunga mkono anaweza kukizima kiendelezi hicho katika tovuti anazoziamini na kukiacha kikifanya kazi kwingineko.

Kiendelezi kingine chenye manufaa ni SingleFile. Hiki huhifadhi ukurasa mzima, pamoja na picha zake, katika faili moja inayoweza kufunguliwa baadaye bila intaneti. Mwanafunzi anaweza kwenda saiba kwa nusu saa, akahifadhi kurasa kumi za masomo katika kadi ya kumbukumbu, na kuzisoma nyumbani usiku mzima bila kutumia data yoyote.

Vipo pia viendelezi vya lugha. Kurasa nyingi za huduma za umma zimeandikwa kwa Kiingereza, na neno moja la kisheria laweza kumkwamisha mwombaji. Kiendelezi cha Google Translate humwezesha kuteua sentensi na kuisoma kwa Kiswahili papo hapo. Vingine husoma maandishi kwa sauti, jambo linalowafaa wenye uoni hafifu. Ikumbukwe tu kwamba maandishi yanayotafsiriwa hutumwa kwa seva za kampuni husika. Kwa sababu hiyo, si busara kutafsiri ukurasa wenye taarifa za siri za mtu.

Kundi la nne ni watunza nywila. Bitwarden, kwa mfano, hutunza nywila zote katika hifadhi moja iliyofungwa kwa nywila kuu, hivyo mtumiaji halazimiki kutumia neno lile lile kila mahali. Faida yake nyingine ni kwamba hukagua anwani ya tovuti kabla ya kupendekeza nywila. Mtu akinaswa na tovuti bandia inayofanana na eCitizen lakini isiyokuwa na anwani ya ecitizen.go.ke, kitunza nywila hakitapendekeza chochote. Kimya hicho ni onyo tosha.

Simu je?

Wengi Kibera huingia mtandaoni kwa simu za Android, na hapa kuna kikwazo. Chrome, kivinjari kinachokuja na nyingi ya simu hizo, hakikubali viendelezi katika simu. Anayevitaka hana budi kutafuta kivinjari kingine. Firefox ya Android ndiyo njia rahisi: mnamo Desemba 2023, Mozilla iliifungulia zaidi ya viendelezi 400, na uBlock Origin ni miongoni mwa vinavyofanya kazi humo.

Hata kwenye kompyuta mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2024, Google ilianza kuzima viendelezi vilivyoundwa kwa kanuni za zamani, kikiwemo uBlock Origin. Wanaotumia Chrome wamesalia na toleo jepesi, uBlock Origin Lite, ambalo halina uwezo wote wa lile la awali. Katika Firefox, toleo kamili linaendelea kutumika.

Wapo wanaoikumbuka Opera Mini, iliyoenea Afrika Mashariki enzi za simu ndogo. Hiyo hupunguza data kwa njia tofauti: ukurasa hupitia kwanza katika seva za Opera, ukabanwa, ndipo ukatumwa kwa simu. Inafaa kwa kusoma habari, lakini mtumiaji afahamu kwamba kuna mtu wa katikati.

Ufunguo mikononi mwa mgeni

Ili kizuizi cha matangazo kifanye kazi, ni lazima kiuone ukurasa. Ndiyo maana wakati wa kukisakinisha, kivinjari huuliza iwapo mtumiaji anakiruhusu kusoma na kubadilisha data yake yote katika tovuti zote anazotembelea. Wengi hubonyeza kukubali bila kusoma.

Idhini hiyo ni nzito. Ni sawa na mpangaji kumkabidhi fundi ufunguo wa nyumba ili arekebishe bomba. Fundi mwaminifu atarekebisha bomba na kwenda zake, lakini ufunguo ule ule hufungua kabati pia. Kiendelezi chenye idhini hiyo kinaweza kusoma barua pepe, kunakili nywila inapoandikwa, au kubadilisha kinachoonekana kwenye skrini.

Kisa cha The Great Suspender ni funzo. Kiendelezi hicho kililaza kurasa zilizofunguliwa bila kutumika ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo isilemewe, na kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mnamo Juni 2020, mwundaji wake alikiuza kwa mnunuzi ambaye hakutambulishwa. Watumiaji hawakuulizwa, toleo jipya liliingia lenyewe. Februari 2021, Google ilikiondoa na kukizima ikisema kina programu hasidi.

Katika kisa kingine, mnamo Desemba 2024 wadukuzi walimtumia mfanyakazi wa kampuni ya usalama wa data ya Cyberhaven barua pepe ya ulaghai, wakapata kibali cha kuchapisha, na siku ya mkesha wa Krismasi wakatoa toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Uchunguzi ulibaini kwamba viendelezi vingine kadhaa vilikuwa vimeshambuliwa vivyo hivyo.

Visa hivyo viwili vinaonyesha kwamba kiendelezi kilicho salama leo chaweza kuwa hatari kesho, kwa sababu kimeuzwa au kimedukuliwa. Wahenga walisema rahisi ghali.

Hatari ya saiba

Hatari huongezeka maradufu pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi. Katika saiba, mteja hukaa mbele ya kivinjari kilichotayarishwa na mwingine. Hajui ni viendelezi vipi vimo, wala nani alivisakinisha: mwenye duka, mhudumu, au mteja wa jana.

Ipo kinga rahisi. Katika Chrome na Firefox, viendelezi havifanyi kazi ndani ya dirisha la faragha isipokuwa mtu awe ameviruhusu mahususi. Kwa hivyo, mteja anayefungua dirisha hilo kabla ya kuingia katika akaunti yake ya HELB au eCitizen hujiepusha na viendelezi vingi vilivyomo. Aidha, akilifunga, kivinjari hakibaki na kumbukumbu ya kurasa alizotembelea. Faili alizopakua, hata hivyo, husalia kwenye kompyuta hadi azifute.

Kinga hiyo si kamili. Haizuii programu iliyowekwa nje ya kivinjari ili kunakili kila herufi inayobonyezwa. Kwa shughuli nzito, ni afadhali kutumia simu ya mwenyewe hata kama skrini ni ndogo. Isitoshe, mteja asikubali kamwe kivinjari cha saiba kihifadhi nywila yake.

Wenye saiba nao wana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamishi ya wananchi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 nayo inaharamisha kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini. Mwenye saiba anayekagua viendelezi vya kila kompyuta mara kwa mara na kuondoa asivyovitambua hulinda wateja wake na biashara yake.

Namna ya kuchagua

Mambo machache yanaweza kumwongoza mtumiaji.

Kwanza, ajiulize iwapo kivinjari chenyewe hakina tayari uwezo anaoutafuta. Chrome na Edge sasa hulaza kurasa zisizotumika bila msaada, na Firefox ina mwonekano wa kusomea unaoondoa vikorombwezo vya ukurasa. HTTPS Everywhere, kiendelezi kilichosifika kwa kulinda mawasiliano tangu 2010, kilistaafishwa mapema 2023 kwa sababu vivinjari vilikuwa vimeichukua kazi yake.

Pili, asakinishe kutoka duka rasmi la kivinjari, na asome jina lote pamoja na jina la mwundaji. Majina ya viendelezi mashuhuri huigwa kwa kubadilishwa herufi moja au kupunguzwa neno.

Tatu, alinganishe kazi na idhini. Kizuizi cha matangazo kina sababu ya kuona kurasa zote. Kikokotoo au kibadilisha rangi cha kivinjari hakina sababu hiyo, na kikiiomba, kikataliwe.

Nne, abaki na vichache. Viwili au vitatu vinavyotumika kila siku vyatosha. Kila kinachoongezwa hula kumbukumbu ya kompyuta na huongeza mtu mmoja zaidi mwenye ufunguo.

Hatimaye, kila baada ya miezi michache afungue orodha ya viendelezi katika menyu ya kivinjari na kuondoa ambavyo havitumii tena. Kazi hiyo huchukua dakika tano na haigharimu data. Kulitafuta jina lililotumiwa na tapeli kukopa pesa, au akaunti ya mkopo wa chuo iliyofunguliwa na mtu mwingine, kwaweza kuchukua miezi.