Blogu ya Mwandishi ni Mali ya Nani?

Machi 2003, Kevin Sites alikuwa Iraki akiripoti vita kwa niaba ya CNN. Kando ya kazi hiyo aliandika kwenye blogu yake mwenyewe. CNN ikamtaka aisimamishe, kwa hoja kwamba kuripoti vita ni kazi inayomhitaji mtu mzimamzima. Akatii.

Mwajiri hakukosea. Aliyetumwa kwa nauli na mshahara wa chombo cha habari hayuko vitani kama mpita njia, na neno lake moja lisilopita kwa mhariri laweza kukivunjia chombo hicho heshima. Ndiyo maana mwandishi chipukizi akiniuliza kama afungue blogu, humwuliza kwanza mkataba wake unasemaje kuhusu picha anazopiga akiwa kazini. Wengi hawajawahi kuusoma.

Lakini Novemba 2004 Sites alikuwa tena Iraki, safari hii akiifanyia kazi NBC. Ndani ya msikiti mmoja mjini Fallujah, kamera yake ilimnasa askari wa Marekani akimpiga risasi majeruhi asiye na silaha. Picha zikazunguka dunia nzima. Huko kwao Marekani baadhi ya watu wakamwita msaliti. Taarifa ya habari ya dakika mbili tatu haina nafasi ya kueleza mpigapicha alisimama wapi, alisikia nini, wala kwa nini hakunyamaza. Blogu yake, ambayo sasa alikuwa ameirudia, ilikuwa nayo. Aliwaandikia askari wa kikosi kile barua ndefu, akasimulia tukio hatua kwa hatua, akakiri kwamba kuna wakati aliwaza hata kuiharibu kanda. Ukiisoma unamwona mtu aliyebeba mzigo, ambaye kwenye televisheni hukumwona.

Mwaka uliofuata Yahoo ikamwajiri azungukie nchi zenye vita, akiandika, akipiga picha na kurekodi video peke yake kwa ajili ya mtandao. Kile alichoambiwa asimamishe mwaka 2003 sasa kikawa ndiyo ajira.

Nafasi hiyo ya mwandishi kujieleza mwenyewe ndiyo iliyonijia akilini mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika Tanzania. Mwenye blogu alitakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ada za mwaka wa kwanza pekee zilizidi shilingi milioni 2. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari inayotoka angezipata wapi?