Barua za Askofu Aliyetengwa na Watu Wake

Wengi humkumbuka Askofu Trevor Huddleston kwa hotuba zake. Huku Masasi na Newala yafaa tumkumbuke pia kama mtu wa kalamu, kwani alikuja kwetu akiwa ametengwa na watu aliowapenda.

Padre huyu Mwingereza, wa Shirika la Ufufuo, alifika Sophiatown, Johannesburg, mwaka 1943. Aliupinga ubaguzi wa rangi waziwazi, na serikali ya Afrika ya Kusini ikamchukia. Mwaka 1955 mkuu wa shirika lake akamwita arudi Uingereza. Hakufukuzwa kwa hati ya serikali. Alitii nadhiri yake. Uchungu ulikuwa ule ule. Mwaka 1956 kikatoka kitabu chake, Naught for Your Comfort, kikasomwa katika nchi nyingi.

Mtu akitengwa na watu wake hubakiwa na barua. Lakini barua hizo zilikuwa na hatari. Mwaka 1955 polisi wa kule walipekua nyumba na ofisi, wakabeba maelfu ya makaratasi; na Desemba 1956 wakakamata watu 156 kwa shtaka la uhaini. Basi hata salamu tu zingeweza kumponza mtu. Aandikaye toka mbali yu salama. Apokeaye ndiye alalaye na hofu. Tena Sophiatown yenyewe ilikuwa ikibomolewa, na watu kuhamishwa kwa nguvu. Utamwandikiaje mtu ambaye mtaa wake haupo tena?

Akipita Marekani mwaka 1956 alimsimulia Louis Armstrong habari za vijana wa bendi yake ya shule. Armstrong akatoa tarumbeta, ikapelekwa Johannesburg, ikafika mikononi mwa kijana Hugh Masekela. Polisi gani angeweza kuisoma barua ya namna hiyo?

Mwaka 1960 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Masasi. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, waliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza huko mwaka 1964, maelfu walivuka mto wakaja upande wetu. Wengi wao hawakujua kusoma; habari za ndugu walioachwa nyuma zilipita kinywa kwa kinywa, nusu kweli, nusu uvumi. Aliyetengwa na kundi lake sasa alikuwa askofu katika nchi iliyopokea waliotengwa na kwao. Naona ni wachache waliofaa kazi hiyo kuliko yeye.

Mwaka 1968 aliondoka Masasi, na kiti chake kikachukuliwa na Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Makaratasi yake yamehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, safari ndefu kwa mwanafunzi wa Masasi atakaye kuyasoma.

Afrika ya Kusini aliikanyaga tena mwaka 1991, miaka 35 baada ya kuondoka. Alifariki Aprili 1998 huko Uingereza, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, kwenye Kanisa la Kristo Mfalme.